Mizani ya Pamba na Kompyuta ya Shule

Mkulima wa Bariadi anapofikisha pamba yake kwenye chama cha msingi cha ushirika, macho yake huangalia mahali pawili: kwenye mizani na kwenye kalamu ya karani. Mizani husema pamba ina uzito gani. Kalamu husema pamba hiyo ni ya nani. Mizani ikiwa sahihi na kalamu ikakosea, mkulima amepunjwa sawasawa na yule aliyepimiwa kwa mizani mbovu. Tofauti ni moja tu. Mizani hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa alama ya ukaguzi. Daftari halina alama ya namna hiyo.

Wakulima wa Usukuma waliijua thamani ya mizani zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakiwa wamechoshwa na vipimo vya wafanyabiashara, walianza kuweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakiki uzito wa pamba kabla haijauzwa. Kutokana na juhudi hizo, zilizoongozwa na watu kama Paul Bomani, ulikua ushirika, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Wakulima wale hawakuikataa mizani kwa kuwa ilikuwa chombo cha kigeni. Walichokataa ni kuisoma kwa macho ya mtu mwingine.

Leo mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 makao yake yakiwa Bariadi, ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa zao la pamba. Hata hivyo mabishano yamehama kidogo kidogo kutoka kwenye mizani kwenda kwenye orodha. Orodha huamua nani apewe dawa ya kuua wadudu, nani alipwe na kiasi gani, nani ahesabiwe kuwa mkulima na nani asihesabiwe. Na orodha hizo sasa hukaa ndani ya kompyuta. Hapana budi basi kuuliza swali lile lile la miaka ya 1950: je, wenye pamba wanaweza kuisoma mizani hii mpya wao wenyewe?

Jibu la swali hilo limo mashuleni. Kila shule ya sekondari ya Simiyu iliyo na kompyuta yafaa itenge moja, hata ikiwa kuukuu, na kuiandaa kwa kazi ya kutunga programu za kanzidata. Aghalabu kompyuta za shule hutumika kuchapia barua na mitihani, na mwanafunzi huhitimu akijua kuipamba karatasi kwa herufi nzuri. Ujuzi huo si mbaya, lakini haumpi uwezo wa kuhoji orodha. Kompyuta moja iliyoandaliwa kwa kanzidata ina faida kubwa kuliko kumi zinazotumika kama mashine za taipu.

Kanzi ya namna gani

Neno kanzidata lajieleza lenyewe: kanzi ni hazina, na kanzidata ni hazina ya data zilizopangwa kwa utaratibu, zikasimamiwa na programu maalumu. Msingi wa kanzidata nyingi za leo uliwekwa mwaka 1970 na Edgar Codd, mwanahisabati mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California. Codd alionyesha kwamba habari zozote zaweza kuwekwa katika majedwali ya kawaida, yenye safu mlalo na safu wima, na kwamba majedwali hayo yaweza kuunganishwa kwa kanuni za hisabati ya seti. Miaka michache baadaye wenzake, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walibuni lugha ya kuyauliza maswali majedwali hayo, ambayo leo huitwa SQL.

Tuchukue mfano wa chama cha msingi. Daftari la kawaida huandika katika kila mstari jina la mkulima, kijiji chake, tarehe, kilo, na kama pamba ni safi au fifi. Mkulima akileta pamba mara sita, jina lake huandikwa mara sita, na kila mara karani ana nafasi mpya ya kukosea. Katika kanzidata iliyopangwa vizuri, habari hizo hugawanywa katika majedwali mawili. La kwanza ni la wakulima: kila mmoja huandikwa mara moja tu na kupewa namba yake. La pili ni la mizani: kila upimaji una safu mlalo yake, yenye tarehe, kilo, daraja la pamba na namba ya mkulima. Jina halirudiwi. Likihitaji kusahihishwa, husahihishwa mahali pamoja na kuwa sahihi kila mahali.

Namba hiyo huitwa ufunguo, na umuhimu wake huonekana upesi Usukumani. Kulwa na Doto ni majina ya mapacha, na kijiji kimoja chaweza kuwa na akina Kulwa kadhaa ambao baba zao wote wanaitwa Masanja. Anayetafuta mkulima kwa jina peke yake atamlipa Kulwa wa kwanza pamba ya Kulwa wa tatu. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyewahi kupanga jedwali la darasa lake hahitaji kuhubiriwa jambo hili, kwani analijua tangu siku mwalimu alipoita jina moja wakasimama watu watatu.

Ritifaa ya Ng'habi

Lipo jambo jingine linaloonyesha kwa nini watu wa Simiyu hawana budi kuzifahamu programu hizi kwa undani. Katika lugha ya SQL, maneno ya kawaida hufungwa kati ya alama mbili ndogo zinazofanana kabisa na ritifaa, ile alama tunayoitumia kuandika ng'ombe. Mtunzi wa programu asiye mwangalifu akipewa jina la Ng'habi, au la kata ya Ng'hoboko wilayani Meatu, kompyuta itadhani kwamba neno limekwisha baada ya herufi mbili za kwanza. Herufi zinazofuata itazichukua kuwa ni amri, isizielewe, na kukataa kazi nzima.

Karani aliyekwama kwa namna hiyo hutafuta njia ya mkato. Huandika Nghabi, au Ngabi, na pamba hupokelewa. Lakini kitambulisho cha mkulima kina ritifaa, na jina la benki pengine limeandikwa kwa namna ya tatu. Kutokea hapo majina hayalingani tena, na malipo yanaweza kukwama. Zaidi ya hayo, ritifaa zenyewe ziko za aina mbili: iliyonyooka ya kompyuta na iliyopinda ambayo simu nyingi huiweka zenyewe. Kwa jicho la mtu ni alama moja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, na anayetafuta kwa moja hampati aliyeandikwa kwa nyingine.

Dawa yake ni rahisi na ya zamani. Programu isibandike jina ndani ya sentensi ya SQL, bali ipeleke sentensi peke yake na jina peke yake, ili kompyuta isichanganye amri na data. Kisha majina yote yageuzwe yawe na ritifaa ya aina moja kabla ya kuhifadhiwa. Dawa hiyo hiyo huziba mwanya ambao wezi wa mitandao huutumia kuingiza amri zao kupitia mahali pa kuandikia jina. Kwa maneno mengine, programu inayoshindwa kumpokea Ng'habi kwa sababu hii ni programu iliyoacha mlango wazi kwa mwizi. Anayedai kwamba majina ya Kisukuma ni magumu kwa kompyuta anakiri, bila kujua, kwamba programu yake ni mbovu.

Ni nani atakayeligundua kosa hili kwanza: mtunzi wa programu katika mji wa mbali, au mwanafunzi wa Bariadi ambaye jina lake mwenyewe limekataliwa? Ndiyo maana kazi hii haiwezi kuachiwa watu wa mbali peke yao.

Kuiandaa mashine

Kuandaa kompyuta kwa kazi hii hakuhitaji mali nyingi. Mashine iliyotumika miaka kadhaa, yenye kumbukumbu ya gigabaiti nne, yatosha kwa darasa. Pesa zikipatikana kidogo, bora zinunue diski isiyo na sehemu zinazozunguka, maana haiogopi mitikisiko na huharakisha kazi. Mfumo endeshi wa Linux hupatikana bila malipo. Programu za kanzidata nazo ni hivyo hivyo: SQLite, iliyoanzishwa na Richard Hipp mwaka 2000, haina mmiliki anayedai haki, na huhifadhi kanzidata nzima katika faili moja, PostgreSQL, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley katika miaka ya 1980, hufaa pale watu wengi wanapotumia kanzidata moja kwa wakati mmoja. Shule ianze na ya kwanza. SQLite imo tayari ndani ya simu za Android, na kwa hiyo mwalimu aliyepokea kishikwambi kilichotumika katika Sensa ya mwaka 2022 amekuwa akiitumia bila kujua.

Baada ya kuziweka programu hizo, yapo mambo manne ambayo mwalimu asiyaache.

La kwanza ni tarehe. Mashine nyingi huja zikiwa na desturi za Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Pamba iliyopimwa tarehe 03/05/2024, yaani Mei 3, msimu ukiwa ndiyo kwanza umefunguliwa, yaweza kuandikwa kuwa ilipimwa Machi 5, wakati mipamba ingali shambani. Njia ya salama ni kuandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kama kanuni ya kimataifa inavyoelekeza. Tarehe zilizoandikwa hivyo hujipanga zenyewe kwa mfuatano.

La pili ni ulinzi wa data ndani ya kanzidata yenyewe. SQLite ni mpole mno kwa mgeni: isipoambiwa vinginevyo, itakubali neno mahali pa namba, na itakubali upimaji wa mkulima ambaye hayumo katika jedwali la wakulima. Yapasa majedwali yatangazwe kuwa ya masharti makali, na ukaguzi wa funguo zinazounganisha majedwali uwashwe kila kanzidata inapofunguliwa. Kadhalika, safu wima ya kilo iwekewe sharti la kukataa namba iliyo chini ya sifuri. Mafunzo haya yana thamani kuliko kurasa nyingi za nadharia, kwa kuwa mwanafunzi huona kwa macho yake jinsi kanuni inavyozuia kosa.

La tatu ni umeme. Umeme ukikatika karani akiwa katikati ya kuandika, daftari la karatasi hubaki na nusu ya mstari. Kanzidata nzuri haifanyi hivyo. Kazi inayohusu majedwali kadhaa hufungwa pamoja katika muamala mmoja: ama yote yaandikwe, ama lisiandikwe hata moja. Umeme ukirudi, programu husoma kumbukumbu ya mabadiliko na kuifuta kazi iliyoishia njiani. Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa kuuzima umeme makusudi mbele ya wanafunzi, kisha kuwasha na kuhesabu safu. Hata hivyo betri ya akiba ingali inafaa, maana kanzidata huokoa data lakini haiokoi saa za kazi zilizopotea.

La nne ni nakala. Kanzidata isiyo na nakala ni kama mbegu yote kuhifadhiwa katika ghala moja la nyasi. Ziwepo nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine mbali na shule. Na nakala isiyowahi kujaribiwa haihesabiwi kuwa nakala. Kila mwisho wa muhula wanafunzi waifungue na kuhakikisha kwamba data zote zimo.

Mwalimu asiye na kompyuta siku hiyo asiahirishe somo. Majedwali huanza kupangwa ubaoni. Wilaya ya Maswa imewahi kusifiwa nchini kwa vijana wake waliotengeneza chaki. Chaki na ubao vyatosha kufundishia ufunguo, uhusiano wa majedwali, na kosa la kurudia jina. Anayefika kwenye mashine akiwa hajachora jedwali lake atapoteza muda wa umeme kwa mambo ambayo angeyamaliza kwa chaki.

Wanaopinga na majibu yao

Wapo wanaosema kwamba kanzidata ni jambo la chuo kikuu. Hoja hii haina nguvu. Mwanafunzi aliyejifunza seti katika hisabati tayari anao msingi wote. Kuuliza ni wakulima gani wa Dutwa walioleta pamba safi zaidi ya kilo 500 ni kutafuta makutano ya seti, jambo ambalo mwalimu hulifundisha kwa duara mbili zinazokatana.

Wapo pia wanaokumbusha kwamba nchi hii iliwahi kuungua kwa kompyuta. Ni kweli. Kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kazi ya hesabu za Serikali iliyofuata haikwenda kama ilivyotarajiwa, hata mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Lakini funzo la kisa hicho ni lipi? Mashine zilitangulia, watu wakachelewa. Palikuwa na wachache mno nchini wenye kuzielewa programu hizo na kuzisahihisha. Marufuku ilizuia mashine, wala haikuzalisha watu hao. Basi kisa cha mwaka 1974 ni hoja ya kuwaandaa vijana mapema, kabla orodha nyingine hazijahamia kwenye mashine.

Hoja nzito kuliko zote ni ya siri za watu. Orodha ikiwa rahisi kusomwa, ni rahisi pia kuibwa. Hili lisipuuzwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, huwafunga wote wanaokusanya habari za watu, na shule haikusamehewa. Kwa hiyo mazoezi yafanywe kwa wakulima wa kubuni, wenye majina ya kweli ya Kisukuma lakini wasiokuwepo, pamoja na ritifaa zao zote. Majalada ya wagonjwa, maksi za wenzao na namba za vitambulisho visiletwe darasani. Mwanafunzi aliyezoea kujiuliza kama anahitaji kweli safu wima fulani atakuwa mlinzi bora wa siri za watu kuliko aliyekatazwa tu.

Jedwali humwona nani

Linabaki jambo moja ambalo halimo katika vitabu vingi vya kompyuta. Kupanga jedwali ni kuamua nani aonekane. Orodha ya kijiji yenye safu wima moja tu ya mkuu wa kaya itaandika jina la mume, na mke aliyelima, kupalilia na kuchuma pamba hiyo atatoweka. Hakuna aliyemfuta. Hakutengewa mahali pa kuandikwa, na kompyuta haikumbuki kisichokuwa na safu. Siku ya malipo, au siku mume atakapofariki, upungufu wa jedwali utageuka kuwa upungufu wa haki.

Msichana wa Itilima anayechora jedwali hilo ubaoni atauliza: mama yangu yuko wapi? Swali hilo ni la sayansi kamili, na jibu lake ni jedwali la tatu, linalounganisha watu na mashamba, ili shamba moja liwe na wenyewe zaidi ya mmoja. Mtaalamu wa mbali, hata awe hodari kiasi gani, anaweza kupita njia hiyo bila kuuliza, kwa kuwa hajapata kumwona mama huyo akiwa na kikapu cha pamba kichwani.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,140,497 mkoani Simiyu, kutoka 1,584,157 mwaka 2012. Hao wote wamo, au watakuwamo, katika majedwali ya hospitali, shule, benki, vitambulisho na vyama vya ushirika. Mashine hizo zitaendelea kuja, Bariadi wakiwa tayari au wasiwe tayari. Babu zao waliweka mpimaji wao kando ya mizani ya mnunuzi, akahakiki kila ratili. Wajukuu nao wanahitaji mpimaji wao kando ya kompyuta, na shule inaweza kumwandaa kwa mashine moja kuukuu, programu zisizouzwa, na mwalimu aliye tayari kuuzima umeme katikati ya somo ili wanafunzi waone kilichobaki.